Mume yuko Doha, mapigo ya moyo wangu anayajua kabla yangu

BARUA

Assalaam aleikum Bi Mshauri, na shikamoo.

Naomba jina langu usilitie kwa sababu Lamu hapa ukipiga chafya Langoni, wa Mkomani ashakuombea afya.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 27, ndoa yetu ina mwaka wa nne na mtoto bado hatujajaaliwa. Mume wangu ni dereva Doha, huja likizo mara moja kwa mwaka na mara nyengine hata hiyo haipati. Ni mtu mwema wallahi, sitaki mtu aisome hii barua aseme nimeolewa na mtu mbaya.

Mwaka jana nilianguka bafuni, nikapelekwa hospitali nikaambiwa presha iko juu. Yule mtu alilia kwa simu mpaka mimi ndie nikawa nambembeleza. Baada ya miezi miwili rafiki yake alikuja likizo akaniletea kiboksi, ndani mna saa, hizi smatiwochi za kuunganisha na simu, inahesabu hatua, usingizi, mapigo ya moyo na mambo mengine hata siyajui. Mume wangu mwenyewe akaniongoza kwa video koli, bonyeza hapa, sema kubali, kubali tena, na akaunti akaifungua kwa imeili yake kwa sababu yangu nilishasahau paswadi. Nikavaa. Miezi ya kwanza nilijiona malkia, asubuhi naamka nakuta ujumbe, "umelala masaa manne tu mke wangu, una nini?" Mashoga zangu wakanionea wivu.

Sasa alafu mambo yakaanza kubadilika pole pole. Mara "mbona leo hatua ni elfu tisa, ulikuwa wapi?" Mara "saa tisa ya usiku ulikuwa macho, unaongea na nani?" na mimi nilikuwa nimeamka kuswali tahajudi, lakini sikumwambia maana ibada ya mtu ni yake na Mola wake. Mara nikiivua nioshe vyombo napigiwa simu.

Kubwa ni mbili. La kwanza ni siku zangu za mwezi. Ile programu huziandika, na yeye huziona. Kwa mume si neno, mume ni mume. Lakini mwezi wa tatu mavyaa, mama wa mume wangu, alikuja nyumbani, hajaketi hata, akaniambia kwa sauti ya huruma, "mwezi huu tena hamna kitu mwanangu?" Mimi nilikuwa sijamwambia mtu, damu ilianza usiku uliopita. Bi Mshauri nilihisi kama nimesimama uchi ukumbini.

La pili ni harusi ya binti ya ami yangu. Ilikuwa kupamba, wanawake watupu, simu zetu zilitiwa kikapuni mlangoni kama kawaida asije mtu akapiga picha, lakini saa ilipita nayo mkononi, hakuna aliyeiuliza. Tulipiga vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, mpaka saa sita usiku. Nilipochukua simu yangu kikapuni nikakuta amepiga mara kumi na saba. Lokesheni ilikuwa imeniweka nyumba ya pili kutoka pale, ya baba mmoja aliyefiwa na mkewe, na mapigo yangu yalikuwa 130. Masaa manne, kwa nyumba ya mwanamume, moyo unaenda mbio. Nilimwapia mpaka sauti ikanikauka. Alisema ameniamini. Lakini tangu siku ile akipiga ananiambia nigeuze kamera aone chumba.

Nami nikafanya ujinga. Nikitaka kutoka namvisha saa mwana wa dadangu, ana miaka tisa, na simu namwachia achezee michezo, basi nukta yangu kwenye ramani inakaa nyumbani. Siendi pabaya, naenda Shela kwa mama mmoja ananifundisha kushona, nataka siku moja nimwonyeshe mume wangu kanzu niliyoshona kwa mkono wangu. Juzi yule mtoto kacheza kibemasa uani, saa kumi ndio nimerudi mume akapiga, "mapigo 160 unafanya nini?" Nikasema napanda ngazi. Wallahi nilicheka alafu nikalia, kwa sababu sikuwahi kumdanganya huyu mtu na sasa namdanganya kwa mkono wa mtoto.

Shoga yangu mmoja asema niitupe baharini tukiwa kwa boti ya Mokowe niseme imeanguka. Dadangu asema kuna kijana fundi wa simu anaweza kuichezea isionyeshe. Mwengine asema mwanamke hana siri kwa mumewe na kama sina cha kuficha niivae ninyamaze. Anarudi likizo baada ya miezi miwili. Nifanyeje?

Mwenye Saa, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nilicheka kwa huyo mtoto wa kibemasa, ya pili sikucheka tena. Nikikuelewa vizuri, hulalamiki kuhusu saa yenyewe. Unasema zawadi iliyokuja kwa mapenzi na hofu ya ugonjwa imegeuka mlinzi wa mlangoni, siri ya mwili wako imefika kwa mavyaa bila wewe kufungua mdomo, na wewe mwenyewe umeanza kuwa mtu usiyemtambua. Hilo la tatu ndilo naona linakuuma kuliko yote, ingawa umeliandika kwa mzaha.

Nianze na ile nyumba ya mfiwa maana hapo kuna kitu nadhani nyote wawili hamkukijua. Lokesheni inatoka kwa setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu. Mahali peupe, mfano pale ufukweni Shela, simu huweza kukuonyesha kwa kosa la mita kama 5 hivi. Lakini wewe hukuwa ufukweni, ulikuwa Mkomani ndani ya nyumba ya mawe, kuta nene za matumbawe, boriti za mkoko, ghorofa juu ya ghorofa, na kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Ishara ile inagonga ukuta huu, inaruka ukuta ule, inafika kwa simu imechelewa kidogo, na simu inadhani uko kwengine. Mita chache za kosa kwa mtaa wetu zatosha kukupeleka nyumba nyengine kabisa! Na pengine kilichopimwa ni simu yako iliyokuwa kikapuni wala si mkono wako. Kwa hiyo nukta ilisema uko karibu na pale, akili ya mtu aliye mbali ndiyo iliyokufungia mlango ndani.

Na hiyo 130, ile taa ya kijani chini ya saa inamulika ngozi na kuhesabu damu inavyopita, basi. Haijui sababu. Vugo, ngazi, kahawa, joto, hofu, mkanda uliolegea na mkono wenye jasho, kwake vyote ni nambari. Mtu wa miaka 27 akicheza harusini kufika 130 ni jambo la kawaida, lakini wewe una presha kwa hivyo muulize daktari wako kuhusu kucheza kwenyewe. Na kuhusu presha nikwambie pia kwamba saa nyingi haziipimi kama kile kifaa cha kufunga mkono kikajazwa upepo. Usiache kwenda kupimwa kliniki ukadhani saa inatosha. Tena kama mtoto amekuwa akiivaa, kumbukumbu za humo zimechanganyika zako na zake, usimpelekee daktari hizo.

Sasa nikuulize mambo mawili matatu, na si kwa kukulaumu.

Unasema anakuchunguza. Huenda. Lakini je, anakaa anafungua programu kukutafuta, au simu yake inalia yenyewe kila mapigo yakipanda kwa sababu alivyoanguka mkewe bafuni aliiambia imlilie? Mtu yuko peke yake Doha, chumba cha watu sita pengine, usiku simu inalia "moyo wa mkeo unaenda mbio". Hata mimi ningepiga mara kumi na saba. Sikwambii kwamba ana haki ya kukuambia geuza kamera nione chumba, hilo limevuka na wewe unajua limevuka. Nasema tu kwamba hofu ya mtu kufa na hofu ya mtu kuibiwa mke zinaweza kukaa kwa kifua kimoja na yeye mwenyewe asijue ipi imeanza wapi. Umewahi kumuuliza anaona nini hasa kwenye skrini yake? Natamani mngeanza hapo, akutumie picha ya skrini uone anachokiona. Wengi hushtuka.

La mavyaa pia nalitazama. Umeandika kama kwamba mume alienda kumsimulia. Inawezekana. Inawezekana pia mama aliuliza "mkeo vipi" kama mama wa Kiamu yeyote na yeye akajibu bila kufikiri, kwake ile ni habari ya simu tu imeandikwa siku kumi na ngapi sijui, hajui kwamba kwako ni damu na machozi ya usiku uliopita. Sauti ya huruma umeisema mwenyewe. Huyo mama huenda hakuja kukuaibisha, lakini aibu ilikupata vilevile, na haifutiki kwa nia njema ya mtu.

Na hili neno la shoga yako, "kama huna cha kuficha". Mwanangu, kuficha na kusitiri si kitu kimoja. Tazama nyumba zetu zilivyojengwa na wazee, mgeni anaishia kwenye daka la mlangoni, anakaa kwenye baraza ya mawe anapewa kahawa, jamaa anaingia ukumbini, na ndani kabisa ni pa wenyewe. Hakuna aliyesema nyumba ile ina wizi kwa sababu ina daka. Mume wako ni mtu wa ndani, sawa, lakini kwa ile saa mavyaa amefika ndani bila kupiga hodi, na kampuni ya saa pia imo humo, imekaa kitandani.

Hapo kwa kampuni nitoke nje kidogo. Tunadhani hizi habari ni za mke na mume, kumbe zina mnunuzi. Mwaka 2021 Google ilikamilisha kuinunua Fitbit, watengenezaji wa hizi saa, kwa dola bilioni 2.1. Tume ya Ulaya kabla ya kukubali iliwawekea sharti kwamba kwa miaka 10 habari za afya za watumiaji wa huko zisitumike kwa matangazo. Sharti lile limeandikwa kwa watu wa Ulaya, Lamu haikutajwa. Na mwaka 2018 ilionekana ramani ya Strava, programu ya wakimbiaji, inaonyesha njia za mazoezi ndani ya kambi za jeshi la Marekani mahali ambapo kwa ramani za kawaida hapakuwa na kitu, kisa wanajeshi walikuwa wanakimbia na saa zao mkononi. Wanajeshi! Sembuse mtu wa kupiga vugo. Na hao wasimamizi wa kikapu cha simu harusini waambie sasa wachungulie mikono na macho pia, kuna miwani ya jua ya Ray-Ban iliyotoka 2023 na Meta, ina kamera kwenye fremu na kijitaa kidogo tu kinachowaka ikirekodi, na kwa ukumbi wenye taa za harusi nani atakiona.

Utauliza sheria yasemaje. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Meno inayo, mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa kampuni una haki ya kuomba kuona walichokuwekea na kuomba kifutwe. Lakini kwa mume, sheria hiyo yenyewe imeyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, kwa hivyo usitegemee kwamba kamishna wa data atakuja kuwaamua chumbani.

Basi njia zako. Kuitupa baharini utapumua siku tatu, alafu italetwa nyengine, na wewe utakuwa na uongo wa pili juu ya ule wa mtoto. Fundi simwamini, si kwa ubaya wake, lakini utakuwa unampa kijana wa mtaani simu yenye siku zako za mwezi ili umzuie mumeo asizione, hebu ifikirie hiyo. Kuivaa na kunyamaza unaijua ladha yake tayari.

Kuna njia ya kati, nayo ina mashaka yake. Ufungue akaunti yako mwenyewe kwa imeili yako mpya, saa ifutwe ianze upya, alafu wewe ndie umpe ruhusa ya kuona kile unachotaka akione. Baadhi ya saa zinakubali kugawanya, yako ikikubali unaweza kumwachia tahadhari ya moyo ukizidi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomfanya anunue, ukazima lokesheni, na ukazima kabisa ile ya siku za mwezi ukarudi kuhesabu kwa kalenda kama sisi tulivyohesabu. Ukifanya kimya kimya ataona skrini yake imekuwa tupu ghafla, na mtu aliye mbali akiona giza hujaza mwenyewe. Ukimwambia kwanza huenda akakasirika, huenda akasema kumbe kuna jambo. Wewe ndie unaemjua. Je, ni mtu wa kusikia kwa simu au ni mtu wa kusikia akiwa amekula, ameoga, mmekaa juu darini na upepo? Miezi miwili si mingi, lakini kwa anaegeuzishwa kamera kila usiku si michache pia.

Kama utazungumza, mimi ningeanza na mavyaa kabla ya lokesheni. Mwambie vile ulivyoniandikia mimi, "nilihisi nimesimama uchi ukumbini". Mwanamume anayempenda mkewe akisikia maneno hayo hana jibu la haraka. Ukianza na "unanichunguza" atajitetea na nyote mtaishia kwenye harusi ile tena.

Na habari ya Shela, sijui. Nakuonea huruma kwa sababu siri yako ni nzuri, kanzu ya mshangao, lakini imebebwa na uongo mbaya na ikifumuka hataiona kanzu, ataona saa mkononi kwa mtoto. Unaweza kumwambia "naenda Shela kwa mama fulani kujifunza kitu, usiniulize kitu gani mpaka urudi". Hapo utakuwa umemwachia kidogo na umebaki na kidogo. Mtoto nae umtoe katika hili hata kama hutabadilisha jengine lolote, watoto husema.

Neno moja hukuliandika na sitaki kulidhania, lakini lazima niliulize. Kama ashawahi kukuinulia mkono au kukutisha akirudi itakuwa hivi na hivi, basi yote niliyosema juu weka kando, usizime kitu ghafla, kwanza mama yako au dadako ajue, na ile laini ya simu ya kusaidia wanaodhulumiwa nyumbani, 1195, ni bure. Kama hakuna, alhamdulillah, nisamehe kwa kuuliza.

Na akirudi, kabla hamjazungumza chochote kikubwa, nina ombi. Usiku mmoja mvishe yeye ile saa na umpe simu yako aishike, akae hapo hapo kwenye ukumbi wenu na wewe uko mbele yake, alafu muifungue ramani pamoja. Niandikie uniambie nukta imempeleka nyumba ya nani.